Maji yakituama kwenye mashine ya vyombo, tazama kwanza yanakotokea

Mashine ya kuoshea vyombo ikikutwa na maji machafu yamesimama chini baada ya kumaliza kazi, mwenye nyumba humwita fundi wa umeme, na fundi huanza kwa kuilaza mashine ubavu na kufungua pampu. Mara nyingi pampu haina kosa. Fedha ya ufundi inalipwa, kipuri kinaagizwa Arusha au Dar es Salaam, kinafungwa, na siku chache baadaye maji yako palepale. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba maji yanayotuama ni habari ya njia ya kutokea kabla hayajawa habari ya mashine, na kwamba mahali kama Mogitu, pasipo na mtandao wa mabomba ya majitaka, njia hiyo huishia uani kwa mwenye nyumba mwenyewe. Anayetaka kujua kwa nini mashine imejaa anapaswa kujua kwanza maji yakishatoka jikoni kwake yanakwenda wapi.

Msomaji wa Hanang ana haki ya kuuliza mashine zenyewe ziko wapi. Mogitu ni kata ya wilaya hiyo iliyo kwenye barabara kuu ya Babati hadi Singida, mahali inapoanzia njia ya kwenda Basotu na Haydom, na huko vyombo huoshwa kwenye beseni kwa maji ya ndoo. Mashine ya vyombo ni kitu adimu hata katika nyumba za Arusha mjini. Lakini nyumba zinabadilika. Jiko la nje la mafiga linaachiwa nafasi na jiko la ndani lenye sinki na vigae, na vifaa vya nyumbani vilivyotumika vinashushwa na makontena kutoka Dubai na Ulaya, au vinaletwa na ndugu anayerudi kutoka huko. Mashine ya vyombo, mashine ya kufulia na sinki vyote humwaga kwenye bomba lilelile, kwa hiyo ugonjwa wao ni mmoja. Tofauti ni kwamba mashine ya vyombo huuonyesha mapema. Mtu anayeosha kwa mkono humwaga maji kidogo kidogo, na bomba lililoziba nusu huyapitisha taratibu bila mtu kushtuka. Mashine haina subira hiyo. Inasukuma lita tatu au nne kwa mara moja, na bomba lisipozipokea kwa kasi hiyo, maji hupanda kwenye sinki au hurudi yalikotoka.

Historia ya mashine hii inasema jambo hilohilo. Josephine Cochrane wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1886, na mwaka 1893 mashine zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa hoteli na mikahawa, si akina mama wa nyumbani. Nyumba nyingi za wakati huo hazikuwa na maji moto ya kutosha wala mabomba ya kuhudumia chombo cha namna ile, na ilichukua zaidi ya nusu karne kabla mashine ya vyombo haijawa kitu cha kawaida katika majiko ya Marekani. Kilichosubiriwa miaka yote hiyo ni nyumba yenye uwezo wa kuipa mashine maji na kuyaondoa. Sisi tunaweza kuinunua mashine leo na kuifunga kesho, katika nyumba ambayo bomba lake la kutolea maji lilipimwa kwa ajili ya beseni moja la asubuhi na moja la jioni.

Tuanze basi ndani ya mashine yenyewe, kwa kuwa huko nako kuna ya kutazama, na mengi hayahitaji fundi. Maji kidogo kwenye shimo lililo chini ya chujio si hitilafu. Hubaki hapo kwa makusudi ili mpira wa pampu usikauke. Hitilafu ni pale maji yanapofunika chujio na kutanda sakafu nzima ya mashine. Yakitanda, yatazame rangi kabla ya kugusa kitu. Yakiwa machafu, yenye sabuni na mabaki ya chakula, ni maji yaliyoshindwa kutoka. Yakiwa safi, na yanaongezeka hata mashine ikiwa imezimwa, basi hayo yanaingia: valvu ya kuingizia maji haifungi, na kuzibua bomba hakutasaidia kitu. Iko pia hali ya tatu ambayo watu huipa jina la ubovu bila haki. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hubaki na maji yaliyokuwamo wakati ule. Ukirudi, iachwe imalize mzunguko au iwekwe kwenye hatua ya kutoa maji peke yake, ndipo ihukumiwe.

Maji yakiwa machafu, chomoa waya ukutani, yachote kwa kikombe na sponji, kisha toa chujio. Kwa kawaida hufunguka kwa kuzungushwa kwa mkono. Lishike usawa wa dirisha. Chujio safi hupitisha mwanga. Lililoziba lina ngozi laini ya kijivu iliyoshikamana na nyavu, mchanganyiko wa wanga na mafuta usioonekana likiwa limelala mahali pake. Maji ya bomba peke yake hayaiondoi ngozi hiyo. Inataka maji ya moto, sabuni na mswaki wa zamani. Chini ya chujio ndipo ilipo feni ndogo ya pampu, na hapo ndipo hujificha kipande cha glasi, mbegu ya ndimu, kijiti cha meno, kipande cha mfupa wa kuku. Kitu kidogo kama punje ya mahindi kinatosha kuizuia isizunguke. Mashine ikiunguruma bila kutoa maji, huenda feni imekwama. Ikiwa kimya kabisa wakati wa kutoa maji, hapo ndipo shaka ya pampu au umeme wake inapokuwa na msingi. Mashine zilizokaa muda mrefu kwenye ghala au kontena bila maji zina shida ya ziada, maana mipira hukauka na kushikamana, na iliyofanya kazi vizuri Ulaya inaweza kufika ikiwa imeganda.

Baada ya hapo ni mpira wa kutolea maji. Ukibanwa nyuma ya kabati, umejikunja. Ukilazwa sakafuni moja kwa moja hadi kwenye bomba, maji ya sinki hurudi ndani ya mashine kila mtu anapoosha mikono, na mwenye nyumba hukuta mashine ina maji hata siku ambayo haikuwashwa. Dawa yake ni kuupandisha mpira hadi chini kidogo ya meza ya jiko, ufungwe ukutani hapo juu, ndipo ushuke kuelekea kwenye bomba. Kazi ya msumari na kibanio, lakini husahauliwa mno na wafungaji.

Kisha lifanyike jaribio ambalo, kwa maoni yangu, linapaswa kutangulia kipuri chochote. Mpira uchomolewe kwenye bomba la sinki, ncha yake iwekwe kwenye ndoo sakafuni, mashine iwashwe kwenye hatua ya kutoa maji. Maji yakiruka kwa nguvu na ndoo ikaanza kujaa, mashine ni nzima na kosa liko ukutani au nje. Yakidondoka kidogo kidogo, kosa limo kwenye mashine au mpira wake. Dakika moja ya ndoo huamua kama anayehitajika ni fundi wa umeme au fundi bomba, na hao ni watu wawili wenye bei mbili.

Kabla sijatoka nje ya mashine, sabuni nayo ina neno lake. Sabuni ya mashine haipatikani kwenye maduka mengi nje ya miji mikubwa, na watu hutia sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Ile imetengenezwa ili itoe povu, na povu ndani ya mashine ni hewa. Pampu ya maji ikivuta hewa hushindwa kusukuma, na maji hubaki chini yakiwa yamefunikwa na blanketi jeupe. Hakuna kilichoharibika, lakini pasipo na sabuni inayofaa, mashine isiwashwe.

Sasa tufuate maji nje ya mashine, maana huko ndiko kosa linakopatikana zaidi katika nyumba zetu. Chini ya sinki kuna kona inayoshika maji ili harufu ya shimo la majitaka isipande jikoni. Ifungue kona hiyo juu ya ndoo katika nyumba inayopika kila siku na utaona tabaka. Chini kabisa kuna mchanga na majivu, kwa sababu sufuria zenye masizi husuguliwa kwa majivu, na majivu ni mazito: yakifika mahali maji yanapotulia, yanazama na kukaa. Juu yake kuna punje za wali, ukoko wa ugali uliovimba, unga wa ngano uliogeuka gundi. Na kuzunguka kuta za bomba, kama rangi iliyopakwa mara nyingi, kuna mafuta. Hapa aina ya mafuta ina maana yake. Ya alizeti, zao kubwa la Singida na Manyara, hubaki maji hata asubuhi ya Julai yenye baridi. Ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huganda. Hanang ni nchi ya wafugaji, Wabarabaig na Wairaqw, ambako nyama na samli si chakula cha sikukuu peke yake, na ni nyanda za juu ambako bomba lililo ardhini halipati joto. Mafuta yanaingia kwenye sinki yakiwa ya moto na maji, yanakwenda mita mbili au tatu, yanakutana na ukuta baridi, yanashika. Mashine ya vyombo huyapeleka mbali zaidi, kwa kuwa inaosha kwa maji ya moto, na hivyo kizuizi hujijenga mahali pagumu kufikiwa kwa mkono. Miji yenye mabomba makubwa haijasalimika. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta na taka lenye urefu wa mita 250 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 130.

Watu wengi hujibu kwamba ipo dawa ya kuzibua bomba, inauzwa, inamwagwa usiku, asubuhi maji yanapita. Ni kweli kwamba kostiki soda hula mafuta. Lakini haili mchanga wala majivu, na mafuta inayoyayeyusha huweza kuganda tena mbele zaidi, kwenye chemba au mlangoni mwa shimo. Inaunguza ngozi na macho, inapokutana na maji huchemka, na ikiachwa kwenye bomba lililoziba kabisa, fundi atakayefungua kona kesho yake atamwagiwa mikononi. Ndani ya mashine ya vyombo isitiwe kabisa. Sharti lililo rahisi zaidi ni la kabla ya maji: sahani ipanguswe, mafuta ya sufuria yafutwe kwa karatasi au kwa gunzi, mabaki wapewe mbwa na kuku. Waoshaji wa beseni walifanya hivyo siku zote. Waliopata sinki ndio walioacha, wakidhani bomba ni mahali pa kutupia.

Kuna kifaa cha kusaidia ambacho mikahawa inakijua na nyumba hazikijengi, nacho ni chemba ndogo ya kutegea mafuta. Ni kisanduku cha matofali au ndoo kubwa ya plastiki iliyofukiwa nje ya ukuta wa jiko. Maji yanaingia upande mmoja, yanatulia, mafuta yanapanda juu, mchanga unashuka chini, na bomba la kutokea huchukua maji ya katikati kwa sababu mdomo wake umeelekezwa chini. Mfuniko unafunguliwa mara kwa mara, mafuta yanakombwa na kufukiwa. Fundi mwashi yeyote anaweza kuijenga kwa siku moja. Bomba kutoka hapo liwe na mteremko wa sentimita mbili hadi tatu kwa kila mita. Likilala bapa maji hayasukumi taka, na bomba jembamba lililopindwa kwa kona za pembe mraba hutengeneza vituo vya mafuta kila kona.

Mwisho wa bomba ni shimo, na hapa ndipo hoja yangu inapopata uzito wake wote, kwa sababu yote yaliyotangulia yanaweza kuwa sawa na maji yakaendelea kutuama. Shimo la kufyonza maji hufanya kazi kwa kadiri udongo unavyoyapokea. Udongo wa kichanga hunywa. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni huvimba na kufunga. Mafuta na sabuni huziba kuta za shimo polepole, na wakati wa mvua, ardhi ikiwa imeshiba, hata shimo lililo jema huchelewa. Nyumba ambayo sinki lake hupitisha maji vizuri tangu Juni hadi Oktoba na kugoma Machi haina pampu mbovu; shimo lake limejaa. Kipimo chake si kigumu. Chimba kitundu cha kina cha sentimita 30 hivi mahali shimo litakapokuwa, kijaze maji, yaache yanywe usiku, kesho yake kijaze tena utazame. Yakitoweka ndani ya saa moja au mbili, ardhi inapokea. Yakiwa yangalipo jioni, eneo hilo halifai, na shimo lihamishwe au liongezewe mfereji mrefu wa kokoto unaoyatandaza maji. Kipimo kifanyike wakati wa mvua, kwa kuwa ndipo ardhi inapoonyesha uwezo wake mdogo kabisa, na shimo likae mbali na kisima, angalau mita 30.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba nchi yenyewe ni kavu, maji ni ya shida, na kuhangaikia njia ya kuyatoa kabla ya kuyapata ni kuanza kwa mkia. Lina kweli yake. Maji ya mabeseni mawili yakimwagwa kwenye mgomba yanafaa kuliko yakitupwa shimoni, na kwa kiasi hicho hakuna haja ya bomba wala chemba. Lakini kiasi hubadilika bomba linapoingia ndani. Utafiti wa White, Bradley na White uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, na kuchapishwa mwaka 1972, ulikuta kwamba nyumba zilizotegemea maji ya kubebwa zilitumia kadiri ya lita 10 kwa mtu kwa siku, na zile zenye bomba zaidi ya lita 100. Mara kumi ya maji yanayoingia ni mara kumi ya maji yanayotafuta pa kutokea. Mashine ya vyombo hailaumiwi hapa: majaribio ya Chuo Kikuu cha Bonn, yaliyoongozwa na Rainer Stamminger, yalionyesha kwamba watu wa Ulaya wakiosha kwa mkono vyombo vya watu 12 walitumia kwa wastani zaidi ya lita 100, wakati mashine ilihitaji lita 15 hivi. Wale walikuwa na bomba linalotiririka, na mwoshaji wa beseni wa Mogitu hatumii kiasi hicho. Bomba linaloachwa litiririke ndilo linalopandisha hesabu.

Na maji ya Hanang hayana pa kukimbilia. Chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400 kuna Ziwa Balangida, lililo katika bonde lisilo na mto wa kutoka kuelekea baharini. Linapokauka huacha chumvi, kwa sababu kila kilichoyeyuka kwenye maji kinabaki. Maji ya sabuni yanayomwagwa nyuma ya nyumba mwaka hadi mwaka nayo huacha chumvi zake kwenye kiraka kilekile cha udongo, hadi mboga zinakataa. Yakituama juu ya ardhi huzaa mbu wa Culex, ambaye huzaliana kwenye maji machafu. Kwa pwani na visiwani mbu huyo ndiye aenezaye matende, na huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitandaza chembe za plastiki nyepesi zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo, mbu wakapungua mno. Ilibidi kazi ile ifanyike kwa sababu maji yalikuwa yamesimama.

Serikali yetu imehesabu maji yanayoingia kwa bidii ya muda mrefu. Mwaka 1971 ulianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila Mtanzania maji karibu na nyumbani. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka umbali wa mita 400 na watu 250 kwa kituo kimoja. Wakala wa serikali wa maji vijijini, RUWASA, iliyoanza kazi Julai 2019 chini ya sheria ya mwaka huohuo, ina maneno usafi wa mazingira ndani ya jina lake, na lengo lililotajwa sana lilikuwa asilimia 85 ya watu wa vijijini kupata maji ifikapo 2025. Vyoo navyo vimepata kampeni zake. Maji ya jikoni yamebaki katikati, si maji safi wala si choo, na hakuna anayemuuliza mwenye nyumba anayeunganishiwa bomba atayapeleka wapi. Naamini swali hilo linapaswa kuwa kwenye fomu ya maombi ya kuunganishiwa, pamoja na mchoro mdogo wa chemba na shimo, kwa sababu hapo ndipo mtu ana fundi mlangoni na mtaro umeshachimbwa.

Kwa anayejenga sasa, mpango ubadilike: shimo lipimwe na bomba la kutokea lilazwe kabla vigae vya jiko havijabandikwa, bomba liwe la inchi mbili badala ya moja na nusu, na kila linapopinda liwekewe mahali pa kufungulia. Mfuniko wa chemba ubaki juu ya ardhi, usifunikwe kwa zege wala kifusi, na fundi amwonyeshe mwenye nyumba ulipo na namna unavyofunguliwa kabla hajalipwa fedha yake ya mwisho.